Sarafu ya Mama Mkwe Ilivyotaka Kunivunjia Ndoa

Ndoa nyingi ninazozijua zimeyumba kwa sababu ya nyumba ndogo, meseji za saa sita usiku au mawifi. Yangu iliyumba kwa sababu ya dawa ya meno. Usicheke, ngoja kwanza nikusimulie.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka 2023. Tulitoka Mwanza na watoto kwenda Kabasa, Bunda, kumsalimia mama mkwe. Tukala ugali wa muhogo na sato, wanaume wakatoka kukaa chini ya mwembe, nami nikabaki naosha vyombo. Mama akaniita chumbani kwake. Peke yangu. Si unajua tena mkwe akikuita peke yako chumbani, moyo unaanza kukagua madhambi ya mwaka mzima.

Akatoa kopo la Kimbo chini ya kitanda, akamwaga hela za zamani juu ya shuka. Kulikuwa na zile senti za Mwingereza zenye tundu katikati. Kulikuwa na za kwetu za mwaka 1966, senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, huku upande wa pili akiwepo Mwalimu Nyerere, kijana kabisa. Hiyo shilingi Mama aliipangusa kwa kanga kabla ya kunionyesha. Mwalimu ni mtu wa Butiama, jirani yetu, hivyo kwa Mama hiyo ndiyo ilikuwa hela ya maana. Halafu akafungua kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na sarafu ndogo ya njano yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima.

"Baba yenu aliniachia hii," akasema. "Aliambiwa na babu yake, aliyekuwa mpagazi kwenye vita vya Wajerumani. Alisema isiuzwe mpaka siku nyumba inaungua. Sasa naona moshi."

Nilijua moshi upi. Mume wangu alikopa milioni sita kwa ajili ya biashara ya samaki, biashara ikafa, na dhamana ilikuwa ni hilo hilo shamba la Kabasa tulilokuwa tumekaa. Tulidhani Mama hajui. Kumbe maofisa wa mkopo walipokuja kupima shamba yeye ndiye aliyewapa maji ya kunywa.

"Nakupa wewe," akaniambia, "maana wewe ni mhasibu. Yule mwanangu namjua."

Shemeji yangu mkubwa aliposikia, akasema mbele ya watu wote kwamba mali ya ukoo haishikwi na mtu wa kuolewa. Mama akamwangalia tu. Lakini mimi lile neno lilinikaa. Yaani sarafu ikipotea, nitakuwa nimeiba. Hata kama imepotea kwa bahati mbaya, nitakuwa nimeiba.

Tulivyorudi Mwanza, mume wangu akataka twende kwa sonara siku ile ile. Tukaenda. Sonara akaiweka kwenye mizani, ikasoma gramu saba na pointi kidogo, akaikwaruza kwa macho (nashukuru hakuikwaruza kwa jiwe lake), akasema, "Laki saba, nayeyusha." Baba watoto tayari alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Mimi nikamwambia asante, tunarudi kesho.

Usiku nikakaa na simu yangu. Jamani, nchi yetu ina mambo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za kivita za Waingereza zilizuia pwani, Wajerumani waliokuwa wanatawala huku wakaishiwa fedha. Wakaanza kujitengenezea wenyewe kwenye karakana ya reli kule Tabora. Kwa shaba na mabaki ya vyuma vya njano wakapiga senti zao zilizoitwa heller, na kwa dhahabu, sehemu yake ikitoka mgodi wa Sekenke, wakapiga sarafu ya rupia 15 yenye tembo. Ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu. Zilitoka 16,198 tu, zote mwaka 1916, na Septemba ya mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora, mchezo ukaisha. Chini ya mwaka kuna herufi T. Nikaamka, nikawasha taa, nikachukua kioo cha kukuzia cha mwanangu wa darasa la nne. T ipo.

Wakusanyaji wa sarafu duniani hulipa dola elfu kadhaa kwa moja ikiwa katika hali nzuri. Tatizo ni kwamba za kughushi nazo ni nyingi, kwa hiyo hakuna anayekuamini kwa maneno. Lazima ithibitishwe na watu wanaoaminika, na wanaojulikana zaidi ni Wamarekani: PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC iliyoanza mwaka 1987. Wanaipima, wanaichunguza, wakiridhika kuwa ni halisi wanaipa maksi kati ya 1 na 70, kisha wanaifungia ndani ya plastiki ngumu yenye namba yake. Nikaona NGC wana ofisi Munich, Ujerumani. Nikacheka peke yangu. Tembo anarudi kwa mabwana zake baada ya miaka mia na ushee.

Kumshawishi baba watoto kulinichukua wiki mbili. Kwake ilikuwa wazimu kulipa hela ili kujua kama una hela. Tulipokubaliana, ndipo nikagundua kwamba kazi yenyewe ni kuifikisha.

Kampuni ya kwanza ya vifurushi niliyokwenda, kijana wa mapokezi aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, we andika vipuri vya simu, nani atajua?" Mimi kazi yangu ni karatasi, na karatasi ya uongo naijua inavyomgeuka mwenyewe. Ukiandika vipuri vya simu, siku kifurushi kikipotea utalipwa vipuri vya simu. Tena forodha wakikifungua na kukuta dhahabu, hapo siyo mkusanyaji tena, ni mtoroshaji. Kampuni ya pili walikuwa wakweli: masharti yao yanakataza sarafu na madini ya thamani, hata bima yao haigusi vitu hivyo. Nikaenda kusoma masharti ya wengine, nikakuta wengi wameandika hivyo hivyo, kwa maandishi madogo ambayo watu huwa hatusomi. Mtu anaweza kulipia usafiri, akapewa risiti nzuri, kumbe amepeleka mali bila bima yoyote. Kwenye posta nako, utaratibu wa kimataifa hauruhusu sarafu kuwekwa kwenye barua au kifurushi cha kawaida kisicho na bima.

Kilichotuokoa ni kwamba Mwanza ni mji wa dhahabu. Rafiki yangu anayefanya kazi na wasafirishaji wa madini akaniunganisha na wakala wa Dar anayesafirisha vitu vya thamani, watu ambao mzigo wao unatoka mkono hadi mkono kwa saini. Bei yao ilinitoa jasho. Laki tisa! Zaidi ya ile ya sonara. Lakini bima yao ilitaja neno "sarafu" kwa maandishi, na thamani tuliyoandika ilikuwa ya kweli.

Wakala akataka mambo yake, nami nikaongeza yangu. Nikaipiga picha pande zote mbili na rula pembeni, pamoja na picha ya mzani wa sonara. Nikaandika barua kwa watu wa Mambo ya Kale, maana sheria yetu ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na baadhi ya vitu vya jadi. Yetu ni ya juzi, lakini nilitaka jibu la maandishi la kumwonyesha yeyote atakayeuliza. Kwenye karatasi za forodha tukaeleza kwamba inatoka kwa muda na itarudi, ili siku ya kurudi tusidaiwe kodi kama tumenunua Ulaya.

Kufunga nako kuna elimu yake. Sarafu inashikwa ukingoni, kama unavyoshika CD, siyo usoni. Haivilingishwi pamba wala kubandikwa selotepu. Inakaa kwenye kimfuko cha plastiki maalumu, kwa sababu ile nailoni laini ya kawaida huacha utando wa kijani baada ya muda. Kimfuko kinabanwa kati ya kadi mbili ngumu, kadi zinaingia kwenye kiboksi, kiboksi ndani ya boksi, na katikati unajaza mpaka ukitikisa kisilie hata kidogo. Nje hakuna neno "dhahabu" wala "sarafu" wala picha ya tembo. Namba ya kufuatilia unabaki nayo wewe na mtu mmoja mwingine. Na usipeleke kitu kifike Ijumaa jioni kikalale stoo wikiendi nzima. Yetu ilipangwa kufika Jumatatu.

Basi ikaondoka. Siku hizo nilikuwa naangalia simu kama msichana aliyependa mara ya kwanza. Imefika Dar. Imeondoka Dar. Imefika Munich, imesainiwa. Nikapika pilau siku ya kazi.

Tukiwa mezani, baba watoto akaniuliza kwa upole, "Hivi, mama watoto, kitu kikiwa kinang'aa si wanaongeza maksi?"

Kijiko kikabaki hewani. "Kwa nini unauliza?"

Kumbe usiku wa mwisho, mimi nimelala, aliona aibu. Alisema aliona aibu kupeleka kitu cha mama yake kwa wazungu kikiwa na uchafu wa kopo la Kimbo. Akaitoa kwenye kadi, akaisugua kwa dawa ya meno na mswaki wa mtoto, akaisuuza, akaikausha na kuirudisha vizuri kabisa. Asubuhi mimi nikakuta kadi zimefungwa kama nilivyoziacha, nikazitia kwenye boksi bila kuangalia.

Hilo ndilo jambo ambalo wakusanyaji wote wanakataza kabla ya mengine yote! Ule weusi mwembamba wa miaka mia ndio ushahidi wake. Ukisugua unaacha mikwaruzo ambayo mtaalamu anaiona kwa kugeuza sarafu kidogo tu kwenye mwanga, na sarafu iliyosuguliwa haipewi maksi ya namba. Inathibitishwa tu kuwa ni halisi, na pembeni wanaandika kosa lako. Bei inashuka, mara nyingine kwa nusu.

Sitakuandikia niliyosema usiku ule. Nitakwambia tu kwamba nilimtaja mama yake, nikataja mkopo, nikataja biashara ya samaki, mambo ambayo tulikwishakubaliana kuyazika. Nililala chumba cha watoto siku nne. Kilichoniuma siyo hela. Niliogopa shemeji. Nilijiona nimesimama pale Kabasa chini ya mwembe nikieleza kwamba sikugusa mimi, na hakuna anayeniamini.

Siku ya tano baba watoto akaja na simu mkononi. Alikuwa ameshampigia kaka yake, akamweleza mwenyewe, kwa jina lake, mswaki na yote. "Nimemwambia wewe ulikuwa umelala," akasema. Halafu akaongeza kwamba anauza gari.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Ni halisi. Hali yake ilikuwa karibu na mpya, kwa hiyo huyo mpagazi hakuitumia hata siku moja, ila imeandikwa kwamba imesafishwa, wala hakuna namba. Tungeweza kuiuza huko huko Ulaya, na kiakili ndivyo ilivyopasa, kwa sababu kila safari ni hatari mpya na laki tisa nyingine. Nikampigia Mama kumuuliza. Akasema irudi kwanza, aione.

Gari lilikwenda kwa milioni saba na nusu. Mkopo ukafutika, kilichobaki kikalipa safari ya tembo ya kurudi. Mpaka leo baba watoto anapanda daladala kwenda kazini, na sijamsikia akilalamika, ila mvua ikinyesha hunitazama kidogo.

Tukapanda basi kwenda Kabasa. Shemeji alikuwepo, akaipokea kwa mikono miwili, akasoma maandishi ya Kijerumani na ya Kiingereza asiyoyaelewa, akampa Mama. Hakuniomba radhi, lakini aliniletea kiti.

Mama akaigeuza ile plastiki huku na huku, akaibonyeza kwa kidole gumba pale alipo tembo.

"Sasa mmeifungia," akasema. "Nitaishikaje?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Akaiweka kwenye kopo lake, haikuingia, ikabidi kifuniko kibaki wazi. Kisha akatoa ile shilingi ya Mwalimu, akanitilia kiganjani na kukifunga kwa mkono wake.

"Na hii, mwanangu, uliwaonyesha?"

Nikamwambia hapana, Mama, hii hatukuwaonyesha.

"Safari ijayo," akasema. "Na huyo mumeo asiisugue."