Likizo ya Desemba kwa Babu na Bibi, Bugabo

Mhariri wa gazeti letu ametutaka sisi wa Kidato cha Nne tuandike habari za likizo. Najua wenzangu wengi wataandika habari za Dar es Salaam na bahari yake, nami sina habari hizo. Likizo ya Desemba iliyopita niliimaliza katika migomba ya babu yangu huko Bugabo, kaskazini ya mji wa Bukoba, pamoja na wadogo zangu watatu: msichana wa miaka tisa, mvulana wa miaka saba, na kitinda mimba wa miaka minne, ambaye hakuwa amemwona Babu tangu alipokuwa akinyonya. Baba na Mama walikuwa na kazi Mwanza mpaka karibu na Krismasi, basi niliagizwa nitangulie na watoto.

Tulipanda meli ya MV Victoria usiku. Mama haipendi safari ya ziwani hata kidogo, maana yeye ni wa rika la watu waliopotelewa na ndugu zao siku ile MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei, 1996. Alitushika mikono mmoja mmoja mpaka tukachelewa. Baba naye aliniita kando, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi na baba zako wakubwa tumekwisha kubaliana. Krismasi hii tutawachukua wazee waje kukaa Mwanza. Babu yako haoni tena. Usiwaambie, tutawaambia wenyewe." Nikaitikia. Watoto walilala kama mizigo usiku kucha, bali mimi nilikaa macho mpaka meli ilipotia nanga Kemondo alfajiri, na baada ya hapo Bukoba.

Babu alikuwa amekaa mlangoni alipotusikia tukija. Alitushika vichwa kwa zamu ili ajue urefu wetu. Alipofika kwa kitinda mimba akauliza, "Na huyu ni nani?" Mtoto akajibu, "Ni mimi." Babu akacheka sana, na tangu saa ile mtoto yule hakuitwa kwa jina lake tena pale nyumbani, aliitwa Ni-Mimi.

Bibi hasemi Kiswahili ila maneno machache ya sokoni, na wadogo zangu hawajui Kihaya ila "waitu". Nilidhani nitakuwa mkalimani wao kutwa. Kumbe siku ya tatu tu nilimkuta Bibi akimenya ndizi huku Ni-Mimi akimsimulia kwa Kiswahili kirefu habari za paka wa jirani yetu wa Mwanza, naye Bibi akijibu kwa Kihaya habari nyingine kabisa, na wote wawili wameridhika. Nikawaacha.

Nyumba ya wazee ni ya matofali, na ukuta mmoja una ufa uliopatikana katika tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016. Babu aliuziba kwa saruji, lakini bado unaonekana. Mdogo wangu wa miaka saba aliupenda ufa ule kuliko kitu chochote pale nyumbani, akawa anaupima kwa vidole kila asubuhi aone kama umeongezeka. Haukuongezeka, jambo lililomsikitisha.

Ilikuwa ni majira ya senene. Msomaji usiyetoka kwetu, senene ni wadudu wa jamii ya panzi, wengine rangi ya majani na wengine kahawia, nao hushuka kwa wingi mwezi wa Novemba na Desemba. Siku hizi watu wa biashara huwatega usiku kwa taa kali na mabati yanayong'aa, na senene wakigonga bati huteremka moja kwa moja ndani ya pipa. Sisi tuliwatafuta kwa njia ya zamani: tuliamka kabla ya jua, tukaenda nyikani penye majani marefu, kwa kuwa wakati ule umande na baridi huwafanya wazito wasiweze kuruka. Tulirudi tumelowa mpaka kiunoni, chupa zimejaa. Kunyonyoa mbawa na miguu ni kazi ya subira, na mikono yote ya watoto ilihitajiwa. Baada ya hapo hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, na harufu yake huwaita hata majirani.

Dada yetu wa miaka tisa aliona kuwa Bibi anapika lakini haonji. Akauliza sababu. Nikamfasiria Bibi swali lile, naye akaeleza kwamba zamani mwanamke wa Kihaya aliwakamata senene na kuwakaanga, lakini hakuwala. Waliliwa na wanaume, na mume mwema alimnunulia mkewe nguo kwa shukrani. Dada akafikiri kidogo, kisha akasema nguo ni kitu kizuri lakini senene ni vizuri zaidi, akachukua ganzi mbili. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Yeye mwenyewe hakula. Alisema tumbo lake halina habari nao na ni mzee mno wa kujulishwa.

Sasa nifike katika jambo lililonifanya niandike. Shamba la Babu, au kibanja kama tunavyosema, limemzunguka kila upande: migomba ya kupika, ya pombe, ya kuiva, na mibuni chini yake, na makaburi ya baba yake na babu yake katikati. Miaka mingi ndizi zilitosha, na nyingine zikauzwa. Ndipo ulipokuja mnyauko, ugonjwa wa migomba ulioonekana katika mkoa wa Kagera mwaka 2006. Majani hugeuka manjano na kunyauka, mkungu huiva kabla ya wakati wake, na ukilipasua tunda unakuta ndani mna rangi ya kahawia. Ukikata shina hutoka utomvu wa manjano. Hauna dawa. Mdudu akitua juu ya ua la mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa mzima, na kisu kilichokata mgonjwa huua wazima. Babu alipoteza karibu nusu ya migomba yake kwa kisu cha kuazima, akaing'oa mmoja mmoja, akapanda upya.

Tangu hapo ana sheria zake. Lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu halikatwi kwa kisu, huvunjwa kwa mti mrefu wenye panda, mara tu chane zikiisha kutoka. Panga hupitishwa motoni kabla ya kuingia shambani. Mgeni haji na panga lake. Lakini sheria hizi zinataka macho, na macho ya Babu yalikuwa na ukungu mweupe. Aliweza kujua mchana na usiku, na kivuli cha mtu, basi. Bibi ana maji ya kuteka, kuni na jiko, na magoti yake hayamsaidii.

Asubuhi ya nne Babu aliniita, akauliza, "Wamekutuma unifungie mizigo?" Sikujua la kusema, kwa hiyo nikanyamaza. Akasema, "Vema. Umelelewa vizuri. Haya, niitie watoto."

Tangu siku ile tulitembea kibanja chote kila asubuhi. Babu alimshika Ni-Mimi mkono, mimi nilibeba ule mti wenye panda, na wale wawili walitangulia kama askari wa doria. Babu aliijua migomba kwa mahali pake. Alikuwa akisema, "Hapa pana mama mmoja na watoto watatu. Majani ya mama yakoje?" Nao wakajibu. Mwanzoni walisema kila jani kavu ni ugonjwa, na Babu aliligusa kila moja kwa subira, akisema hili ni uzee, na hili ni upepo. Siku ya tisa au ya kumi, Ni-Mimi, ambaye kimo chake kilimwonyesha yale tusiyoyaona sisi, alisema kuna mtoto wa mgomba aliyelala. Tukatazama. Jani la katikati lilikuwa limekunjika na kugeuka manjano. Nilikata shina lake chini kabisa kama Babu alivyoniagiza, na utomvu wa manjano ukatoka. Hakuna aliyesema neno. Tuliukata na mama yake, tukaacha vilivyokatwa palepale, tukauchoma upanga motoni, na Babu akanawa mikono mara mbili. Jioni ile hakula vizuri. Lakini migomba ya jirani yake, tuliyoitazama kila siku mpaka tulipoondoka, ilibaki mizima.

Baba, Mama na baba wakubwa walifika tarehe 23. Siku ya pili ya Krismasi watu wazima walikaa sebuleni juu ya majani mapya, Bibi akapitisha kahawa za kutafuna, na baba mkubwa akasema yale waliyokubaliana. Alisema kwa heshima. Nami sisemi kwamba walikosa: nilikuwa nimemwona Bibi akipanda kilima na ndoo, na nilikuwa nimemwona Babu akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Babu akajibu, "Nimesikia. Twendeni kwanza shambani." Akanyosha mkono, na Ni-Mimi akaushika. Tukazunguka sote nyuma yao. Mtoto alikuwa akitangaza kwa sauti kuu: huyu mzima, huyu mzima, hapa tulikata wawili. Penye makaburi Babu alisimama, akauliza, "Nikikaa Mwanza, nani atavunja maua?" Baba mkubwa alitazama chini. Baba alimtazama Ni-Mimi.

Bibi alikuwa hajasema lolote tangu asubuhi. Sasa akasema kwa Kihaya, nami naweka kwa Kiswahili: "Chukueni macho yake mkayatengeneze, kisha mniletee mume wangu. Mimi sihami." Akarudi jikoni.

Wakazungumza mpaka usiku. Ikaamuliwa Babu aende Mwanza kwa daktari wa macho, na kijana wa ukoo, aliyekuwa hana kazi, aje kumsaidia Bibi kwa maji na shamba, naye alipwe na wana wote kwa pamoja.

Mwezi wa Februari nilipata barua hapa shuleni kutoka kwa dada yangu. Daktari alikuta ni mtoto wa jicho, akapasua jicho moja, na siku ya pili wakafungua bandeji. Babu alimtazama Ni-Mimi muda mrefu, akasema alimdhania mnene zaidi. Kisha akauliza meli inaondoka siku gani. Daktari alimzuia wiki nne. Alirudi Bugabo mwezi wa Machi, mvua za masika zikianza, na chumba walichokuwa wamemtengenezea Mwanza wanalala wadogo zangu. Jicho la pili bado. Amesema atalileta baada ya mavuno ya kahawa.