Kigoma, Nyumbani kwa Gogogo

Kama wewe na mwenzi wako mmechoka na Zanzibar ya kila mwaka, elekeeni magharibi. Kigoma ni mbali, hilo halina ubishi. Reli ya Kati inaishia huko huko, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Lakini maji yake, acha tu! Waulizeni kwanza wenyeji habari za mamba, kisha vaeni miwani ya kuzamia na mzamishe nyuso karibu na miamba.

Msiishie kwa wale wa rangi kali, ndugu zake sato. Chungulieni mapangoni. Humo anajificha gogogo mdogo, kambare mwenye madoa meusi, mapezi yametiwa weupe pembeni, na ndevu kama ukoo wake wote. Wapo wasiofika hata sentimita 15. Huko Ulaya na Marekani watu wanamnunua kwa ajili ya sebule zao. Nyie mnamwona bure.

Kuna mmoja ana vituko. Samaki jike wa ukoo wa sato anapotaga, huzoa mayai na kuyaatamia mdomoni. Basi gogogo dume na jike wanajipenyeza, wanakula baadhi ya mayai na kutaga ya kwao papo hapo. Mama wa watu anazoa yote! Ya gogogo yanaanguliwa mapema, na vitoto vyake vinawala wenye nyumba humo humo mdomoni. Msisimuliane mezani.

Je, mumbebe hadi Dar? Wa kumvua wenyewe, hapana. Biashara ya samaki wa mapambo ina leseni zake, na gogogo huyu ni mdogo, hapendi misukosuko. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, maji yake yana pH inayokaribia 9, na hali haibadiliki ovyo. Tangi la kioo linaharibika kwa siku moja tu: umeme ukikatika pampu ya hewa inazima, maji ya bomba yana klorini, kokoto zenye ncha zinamchubua ndevu. Tena hapendi kukaa peke yake. Mkimtaka kweli, tafuteni waliozaliwa kwenye matangi, mnunue watano au sita kwa pamoja, na kubalianeni mapema nani atabadilisha maji mmoja akiwa safarini kikazi.

Mkiwa Kigoma, msiondoke ziwani mapema. Gogogo huanza kutoka mafichoni jua likizama.