Alamu Ikifa, Ife Peke Yake

Siku ya khitma ya Mzee, mwenzangu mmoja tuliyefundishwa naye katika kibanda kimoja alihadithia, sinia la pilau katikati yetu, jinsi marehemu alivyofunga alamu iliyomwangusha kijana wa bodaboda kule Pongwe mwaka 2010. "Mzee alikuwa fundi," akasema, "ila hivi vitu vya kisasa vilimpita." Watu wakaitikia kwa vichwa, wakaendelea kula. Mimi nilinawa mikono mapema nikatoka nje. Matanga si mahali pa kubishana, na mjane alikuwa akisikia kila neno kutoka ndani.

Alamu ile niliifunga mimi. Mzee aliifungua. Nimeshakabidhi kibanda kwa vijana, macho yangu hayaoni tena njia za sakiti bila kuinamia taa, kwa hiyo muda wa kuandika ninao. Jina la Mzee silitaji kwa sababu wanawe hawajaniruhusu. La mwenzangu silitaji kwa sababu analijua mwenyewe.

Nilizaliwa Muheza mwaka 1978, kwenye nyumba yenye michungwa mingi na redio moja. Redio ilipokufa niliifungua kwa kisu cha mama, nikairudishia, skrubu mbili zikabaki mkononi na ikalia. Kijiji kizima kikaniita fundi kabla sijajua chanya na hasi. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikachunga, nikachuma machungwa ya watu, na mwaka 1994 mjomba akanileta Tanga mjini kwa Mzee, Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba.

Mzee alijifunza kulehemu kwenye karakana ya reli, tangu enzi za shirika la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977. Miezi sita ya kwanza sikugusa waya wa mteja hata mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuunga vipande vya waya chakavu na kumpelekea. Yeye anashika koleo mbili, anavuta. Ukikatikia kwenye kiungo, anakitupa. Ukikatikia pembeni, kiungo kikabaki, anasema "haya, kingine." Hakuna siku aliyosema "vizuri". Kiungo chake mwenyewe kilikuwa hivi: waya unachunwa, unasafishwa mpaka shaba ing'ae, unasokotwa, unapashwa moto mpaka risasi inyweke ndani badala ya kukaa juu kama kamasi, halafu utepe mweusi unazungushwa kwa kulalia nusu ya mzunguko uliopita. Mwisho wa utepe aliufunga kwa uzi wa cherehani, fundo mbili. Tuliucheka sana uzi ule. Akatujibu kwamba gundi ya utepe inayeyuka kwa joto la injini, na hewa ya bahari yetu haihitaji mwaliko.

Akikuta waya mwekundu hakuamini kwamba ni chanya. "Rangi ni umbea," alikuwa akisema. "Uliza mita."

Wakati huo pikipiki zilikuwa chache, za maofisa na za mapadri. Kisha zikaja za Kichina, zikaja za Kihindi, na kuanzia kama mwaka 2008 hivi kila kona ya mji ikawa na kijiwe. Wizi ukafuata, na nyuma ya wizi zikafuata alamu: kisanduku kidogo kama pakiti ya sigara, king'ora, rimoti mbili na karatasi ya maelekezo ya Kichina. Mafundi wengi walijifunza kuzifunga kwa kuunguza fyuzi. Sisi tulijifunza kwa kuzifungua, maana zililetwa kwetu zikiwa zimeshaharibika.

Malalamiko yalikuwa yale yale. La kwanza, inalia usiku hovyo mpaka majirani wanatishia kuipiga mawe. Hapo mara nyingi hakuna kilichoungua. Ndani ya kisanduku kuna kihisi cha mtikisiko; kikiwekwa kikali mno, lori likipita barabarani kinapiga kelele. Unapunguza ukali wake, na kisanduku unakifunga kwa sponji chini ya kiti kisicheze. La pili, betri inakufa. Mteja wetu mmoja alikwenda msibani Lushoto wiki moja, akarudi pikipiki haina hata taa. Mzee alichomoa hasi ya betri, akaweka mita katikati, funguo imezimwa: miliampia 40. Akaniambia nipige hesabu. Kwa saa 24 inakula karibu ampia-saa moja nzima, na betri ile ilikuwa ya ampia-saa 5. Siku ya tano au ya sita kwisha habari. Alamu nzima inapolala hunywa miliampia chache tu; ikinywa 40 kuna kitu kinavuja ndani.

La tatu ni rimoti, na hapa naomba vijana wanisikilize kwa sababu nimechoka. Rimoti ya alamu haipimwi kwa kamera ya simu! Kamera inaona mwanga wa rimoti ya televisheni, ule usioonekana kwa macho. Rimoti ya pikipiki inatuma mawimbi ya redio, megahezi 315 au 433, na ukiikodolea kamera mpaka Idi hutaona kitu. Nimeona rimoti nzima zikitupwa jalalani kwa kipimo hicho, na mteja akiuziwa alamu mpya. Anza na kale kabetri kembamba ka volti 12, ambako ndani kana vidonge vinane vimepangwa mstari kimoja kwa kimoja. Kikichoka kimoja, vyote vimechoka. Betri ikiwa nzima, fungua uangalie kitufe cha mpira. Chini yake kuna kipande cheusi cha kaboni kinachogusa sakiti, nacho kwa jasho la vidole huwa kinateleza na kung'aa. Mzee alikisugua kwa penseli ya kawaida, ya shule. Risasi ya penseli ni grafiti, inapitisha umeme. Nusu ya rimoti zilizoletwa kwetu zilipona kwa penseli.

Na kuna jambo moja lilitufanya tucheke kijiwe kizima. Vijana wawili walikuwa na alamu za aina moja, mmoja akibonyeza, pikipiki zote mbili zinaitika. Tulipofungua tukakuta sehemu nane za kulehemu ambako namba ya siri inapangwa. Kila sehemu unaweza kuiunga kwenye chanya, kuiunga kwenye hasi au kuiacha huru. Ukizidisha unapata namba 6,561. Zote mbili zilikuwa zimeachwa huru, nane kwa nane. Mzee akalehemu upya moja pande zote, rimoti na kisanduku, wakaachana kwa amani. Baadaye zikaja zinazojifunza rimoti zenyewe, na nyingine zinazobadili namba kila unapobonyeza. Kwa hizo, rimoti ikipotea huwezi kuchukua yoyote sokoni ukategemea ikubali.

Sasa mgogoro wetu.

Mzee hakupenda alamu iingie kwenye injini. Alikubali ilie, iwashe indiketa, ikate stata. Kuzima injini, hapana, isipokuwa kwa namna moja. Nami nilimwona mzee wa zamani. King'ora kinalia, mwizi anapiga kiki, anaondoka nacho kinalia hivyo hivyo! Alamu isiyozima injini nilisema ni kasuku.

Yeye alikuwa na hoja ambayo sikutaka kuielewa. Kuna CDI, vile visanduku vinavyoipa plagi cheche, zinazopata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneto. Hizo zina waya wa kuzimia: ukigusa ethi, cheche inakatika, ukikatika, injini inaendelea. Ukiweka alamu pale, siku alamu inakufa pikipiki inatembea kama kawaida. Hiyo ndiyo namna moja aliyoikubali. Kuna na CDI zinazokula umeme wa betri kupitia swichi ya funguo. Huko, ili alamu izime injini, lazima ukate waya wa chakula cha CDI na kuupitisha ndani ya kisanduku, kwenye rilei inayoshika pale tu alamu inapokubali. Kisanduku kikipata maji, kiungo kikilegea, rimoti ikibonyezwa mfukoni, injini inazima hapo hapo ulipo. "Alamu ikifa, ife peke yake," Mzee alisema, na hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kunipa kuhusu alamu.

Alikwenda Korogwe kwa siku mbili kwenye shughuli ya mpwawe. Kijana mmoja wa Majani Mapana akaja na pikipiki ya tajiri wake, anaogopa wizi, anataka alamu "inayoua injini". CDI ilikuwa ya betri. Nikakata waya, nikaupitisha kwenye kisanduku. Giza lilikuwa linaingia, umeme umekatika, chuma cha kulehemu hakipati moto. Nikasokota, nikazungushia utepe, nikachukua hela.

Wiki ya tatu, barabara ya kwenda Muheza, karibu na Pongwe, injini ikazima katikati ya kulipita lori. Kijana alivunjika mguu. Anaishi, anatembea, anachechemea kidogo, na tukikutana ananisalimia vizuri kuliko ninavyostahili.

Pikipiki ililetwa kibandani na tajiri mwenyewe. Mzee akaomba kadi ya pikipiki kwanza, kama alivyomwomba kila mtu anayetaka alamu ifunguliwe, hata kama anamjua kwa miaka. Bila kadi hakugusa. Kulikuwa na kibanda barabara ya pili kilichofungua alamu usiku bila kuuliza, na kilikuwa na wateja wengi. Kisha akachomoa hasi ya betri, akafuata kila waya wa alamu kwa mkono mpaka ulikotoka. Hakukata pale nilipounga. Alikata mbele yake, kwenye waya mzima wa kiwandani, pande zote mbili, akatia waya mpya, akalehemu, akafunga uzi. Rilei ya stata akairudisha kwenye njia yake, waya za indiketa akazitoa moja moja. Tajiri alipomuuliza nani alifunga hiki, Mzee akajibu, "Kimetoka hapa kibandani." Basi. Hapo ndipo mwenzangu alipopata hadithi yake.

Mimi nilisema rilei imeungua. Nilisema siku ile, nikasema mwaka uliofuata, nikasema nilipoanza kibanda changu mwaka 2012 na kila Idi nilipokwenda kumwamkia. Rilei za Kichina, Mzee, si unazijua. Yeye anakunywa kahawa. Na bado nabishana naye katika hoja kubwa: kwa mwizi wa leo ethi peke yake haitoshi, anajua waya wa kuzimia uko wapi, anauchomoa akiwa amesimama. Mzee alijibu kwamba kwa hilo kuna mnyororo na kufuli.

Siku hizi kaka yake alamu amekuja, kifaa cha GPS. Pikipiki za mkataba zinafungwa rilei inayozimwa na mwenye mali akiwa ofisini kwake. Karibu nistaafu, kijana mmoja alikuja na yake. "Shikamoo babu, nitolee hiki kidude, natafuta hesabu ya tajiri, nusu njia kinanizima." Nikaomba kadi. Kadi ina jina la tajiri. Nikamwambia sifungui. Akaninunia, ila nikainua kiti nikampimia. Rilei iko pale pale, kwenye chakula cha CDI, na waya umesokotwa, umefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki! Nikapiga simu kwa tajiri mbele yake, nikamweleza, akanipa ruhusa ya kulehemu viungo tu. Nikalehemu. Nyinyi mnaofunga hivi vitu kwa mafungu, thelathini kwa siku, juu ya kile kiti anakaa mtu.

Baada ya arobaini, mjane aliniita akanipa mkoba wa Mzee wa vyombo. "Mwanangu, hivi vyako, alisema." Koleo mbili, mita, penseli, na ndani ya soksi kile kisanduku cha Pongwe na rimoti yake, waya zake zikining'inia na viungo vyangu vyote viwili.

Nilikaa nacho usiku. Nikatia rimoti betri mpya, haikuitika. Nikafungua, kaboni inang'aa, nikaisugua kwa penseli yake. Nikakipa kisanduku volti 12 na waya wa funguo, nikabonyeza. Rilei ikalia kach, safi. Nikaweka mita kwenye mdomo wake: omu 0.3, na nyingi kati ya hizo ni za waya za mita. Nikabonyeza mara hamsini. Kach, kach. Haina kosa.

Nikahamia kwenye viungo. Cha kwanza kilipima vizuri. Cha pili kikasoma omu 40, nikakigusa kwa kidole, ikapanda 70, ikapotea kabisa, ikarudi. Nikachukua wembe niukate utepe wangu. Mwisho wa utepe ulikuwa umefungwa kwa uzi wa cherehani, fundo mbili.