Mganga Asiyevaa Chuma

Tulipokuwa mwaka wa pili, mwalimu wetu wa tafsiri alituagiza tutafute kurasa kumi za Kifaransa ambazo hatujawahi kuziona kwa Kiswahili, tuzitafsiri, kisha tutetee kila neno mbele ya darasa. Wenzangu walichukua sheria za ardhi, maelezo ya dawa za malaria, hotuba za viongozi. Mimi nilichukua sura moja ya kitabu cha mchezo.

Kitabu chenyewe kilikuwa fotokopi iliyoshonwa kwa uzi. Yaya yangu alikuwa amekileta kutoka Lubumbashi kwa treni, pamoja na dadu saba za plastiki alizozifunga katika kitambaa. Kila Jumamosi, baada ya kula bukari, tulikaa watu watano barazani kwetu, si mbali na stesheni ya Kamina, tukacheza mpaka giza lilipotunyima kusoma namba.

Kwa wasioujua, mchezo huu unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka Marekani mwaka 1974, na waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja ni mwongozaji: anaeleza mahali, watu na hatari. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye mashaka, dadu ya pande 20 inaamua. Aliyekua akisikiliza hadithi za jioni hahitaji maelezo mengi zaidi. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji anaruhusiwa kumkatiza msimulizi na kusema, "Mimi siingii humo pangoni."

Mhusika wangu alikuwa druidi. Druidi ni mtu wa msituni: anajua majani, anazungumza na wanyama, anaponya, anaita mvua na radi. Kwa kawaida anasimama nyuma na kuwaachia wenye mapanga kazi ya mbele. Lakini mimi sikutaka kusimama nyuma. Nilitaka druidi wa kupigana kwa karibu, anayeona jasho la adui wake, na sura niliyoichagua kutafsiri ilikuwa ile inayoeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana.

Kitabu kinampa silaha chache: rungu, fimbo, mkuki, mundu, kisu, kombeo, upanga uliopinda. Kinamnyima vazi na ngao ya chuma. Wenzangu walicheka sana waliposikia hivyo. "Mtu anakuja Katanga halafu anakataa chuma?" Nikabaki na ngozi na ngao ya mbao.

Akiwa hivyo, njia zake za kupigana kwa karibu ni tatu. Ya kwanza ni rungu au fimbo iliyosemewa maneno. Kwa dakika moja pigo lake linazidi uzito, na linapimwa kwa hekima ya mpigaji badala ya nguvu za mikono yake. Jina la uganga huo kwa Kiingereza ni jina la kijiji kimoja cha Ireland. Ya pili ni upanga wa moto unaozuka kiganjani, nao unamtaka asipoteze umakini hata akipigwa. Ya tatu ndiyo wanayoipenda wachezaji: kugeuka mnyama. Katika toleo la mwaka 2014, druidi wa daraja la pili aliyefuata njia ya mwezi anaweza kugeuka dubu wa kahawia. Mhusika wangu alikuwa na pointi 17 za uhai. Dubu ana 34. Dubu akimalizwa, mtu anarudi katika umbo lake na pointi zake zile 17, mradi pigo la mwisho halikuzidi kiasi. Ni kama kupewa maisha mengine juu ya maisha yako, tena yenye kucha.

Katika kutafsiri nilikwama kwenye neno la kwanza kabisa. Druidi ni nani kwa Kiswahili? Niliandika "mganga". Nilikuwa na sababu ya darasani na sababu ya nyumbani. Ya darasani ni Julius Caesar, ambaye katika kitabu cha sita cha habari zake za vita vya Gallia anasema kwamba druidi walikuwa waamuzi na walimu, na kwamba wengine walijifunza kwa miaka 20 kwa sababu elimu yao haikuandikwa, ilishikwa kwa kichwa. Niliposoma hayo niliwafikiria watu wetu wa kumbukumbu, wa chama cha Mbudye, wanaosoma historia ya wafalme wa Kiluba kwa kupitisha kidole juu ya lukasa, ubao mdogo wenye shanga na kauri. Ya nyumbani ni nkambo yangu. Alikuwa kilumbu, mtu wa kuagulia. Kanisani walimwita mlozi. Nilitaka neno "mganga" lisimame mbele ya darasa limevaa heshima yake, kwa sababu Kiswahili kinatenganisha vizuri: uchawi unaua, uganga unaponya.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikuona uzito wake. Sheria inasema druidi anageuka tu mnyama aliyewahi kumwona. Hakuna dubu Kamina, wala Upemba, wala popote Kongo. Nikamwondoa dubu nikamweka simba, ambaye kitabuni ana pointi 26, na nikajivunia kuihamishia tafsiri kwetu.

Jumamosi hiyo niliwasomea wenzangu kazi yangu kabla ya kucheza. Nilisoma kwa sauti kwamba mganga anasema maneno yake, anageuka simba, anakwenda mbele, mishale inampiga na yeye haanguki. Nilipoinua macho, mwenzetu mmoja, mtu wa Malemba-Nkulu, alikuwa amekwisha kusimama. Aliweka dadu yake mezani taratibu, akachukua kinga yake ukutani, akaondoka. Hakuaga.

Tulidhani ameitwa nyumbani. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya tatu nikamfuata.

Nilimkuta akifua. Aliendelea kufua wakati nikieleza. Kisha akaniuliza, "Ndugu yangu, huyo mganga wako akiwa simba, anaweza kusema?"

Nikamjibu kama mtu aliyekariri sheria: hawezi. Anaelewa kila kitu, akili yake ni ileile, lakini mdomo ni wa mnyama. Hawezi kunena wala kusema uganga mwingine mpaka arudi kuwa mtu.

"Wale waliokuja kwetu walikuwa na maji na majani," akasema. "Waliitwa Mayi-Mayi. Nilikuwa na miaka sita. Mmoja nilimjua, alikuwa akituuzia samaki. Mama alimwita kwa jina lake, mara mbili. Hakujibu. Alituangalia tu." Akakamua shati. "Tukavuka mto usiku. Sasa wewe unatusomea hayo barazani kama jambo zuri."

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kuanika.

Nilirudi nyumbani na kurasa zangu kumi na nikaona kwamba nilikuwa nimeunganisha maneno mawili, mganga na simba, bila kukumbuka yamepita wapi. Sisi wa kitivo hiki tunasoma tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjekitile, ya mwaka 1969. Tunajadili kama Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliyaamini maji yake mwenyewe. Tunajua kwamba Wajerumani walimnyonga mwezi wa Agosti 1905, na kwamba vita vya Majimaji viliendelea hadi 1907. Tunajua pia kwamba mwaka 1964 wapiganaji walioshika Stanleyville walijiita Simba, nao walipewa dawa na waganga wao, na kwamba askari wa Ubelgiji waliotumwa huko walipitia kituo cha ndege hapa hapa Kamina. Tunayajua haya kwa ajili ya mtihani. Mimi niliyajua yote, na bado nikaandika "mganga anageuka simba" nikidhani ninatafsiri mchezo tu.

Lakini sikutaka pia kumfuta nkambo. Mtu akisema kwamba neno "mganga" limechafuka na tuliache, anawaunga mkono wale waliomwita mlozi. Nikamwendea mama yangu mkubwa, ambaye ndiye anayekumbuka mambo ya nyumba yetu, nikamuuliza kama nkambo aliwahi kupigana.

"Yule?" akacheka. "Yule alikuwa akiogopa hata mbuzi."

Kisha akanisimulia tena habari ya Mijibu wa Kalenga, kama alivyoisikia kwa nkambo. Mfalme Nkongolo alimwonea wivu Kalala Ilunga, akachimba shimo, akapanga mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, akamwalika kijana acheze ngoma juu yake. Mijibu, mwaguzi, ndiye aliyeona. Kalala akaingia akicheza na mkuki mkononi, akauchoma mkeka, mkuki ukazama, akajua. Akaruka, akakimbia, akavuka mto. Katika hadithi hiyo yote Mijibu hampigi mtu, ingawa anasimama karibu na hatari kuliko wote, uani kwa mfalme mwenyewe. Kazi yake ni kuona na kusema kwa wakati.

Hayo yalinifanya niisome upya sura yangu. Nilikuwa nimechukulia kwamba swali la kupigana kwa karibu ni swali la hesabu: njia ipi inatoa pointi nyingi zaidi. Kwa hesabu, mnyama anashinda, hakuna ubishi. Lakini kila njia ina bei yake. Fimbo inadumu dakika moja tu, lakini anayeishika bado anaweza kuita, kuonya, kuomba radhi. Upanga wa moto unaweza kuzimika kwa pigo moja. Mnyama ana mwili mkubwa, na bei yake ni mdomo. Kwa mchezaji wa mbali hiyo ni sheria ndogo. Kwa mtu wa Malemba ilikuwa ndiyo sheria nzima.

Mbele ya darasa nilitetea hivi. Niliandika "druidi", kwa sababu ni mtu wa kwao na ana jina lake. Pale kitabu kinapoeleza kazi zake za kuponya, niliandika "uganga", na sikuandika "uchawi" mahali popote. Simba nilimwondoa, nikamrudisha dubu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini nimweke mnyama ambaye hakuna msomaji wetu aliyemwona. Nilisema kwamba hiyo ndiyo sababu: dubu hajawahi kumfanyia mtu lolote huku kwetu. Watu walicheka. Mwalimu aliandika kitu katika daftari lake, lakini hakusema kitu.

Nilimpelekea mwenzetu nakala safi. Wiki mbili baadaye kinga yake ikaegemea tena ukuta wetu. Hakueleza chochote, nasi hatukumuuliza. Aliomba jambo moja tu: tubadilishane karatasi. Yeye achukue druidi, mimi nichukue mwizi wake.

Jioni hiyo mwongozaji alitupeleka kwenye mto. Kijiji kilikuwa kinaungua nyuma yetu, watoto wanane walikuwa wakipandishwa mtumbwini, na wapiga mishale walikuwa wakishuka kilimani. Yaya yangu ndiye aliyekuwa akiongoza. Nilimtazama vikali, kwa sababu nilidhani amesahau. Lakini mwenzetu alikuwa ametulia. Alihesabu pointi zake kwa kidole.

"Nageuka dubu," akasema.

"Unamshambulia nani?" yaya akauliza.

"Simshambulii mtu. Nasimama kati yao na mtumbwi."

Yaya akatafuta kitabuni, akaona hakuna kinachokataza. Akarusha dadu. Mshale wa kwanza, pointi 6. Wa pili ulikosa. Watatu wakamfikia kwa mikuki, naye hakuuma. Alisogea tu kulia na kushoto, popote walipotaka kupita. Pointi 34 zikawa 20, zikawa 11, zikawa 3. Sisi wengine tulipiga kasia. Mwizi wangu hakuwa na la kufanya ila kuhesabu watoto.

Mkuki wa mwisho ulimrudisha kuwa mtu, amesimama majini, na fimbo mkononi, akiwa na pointi zake 17 ambazo hazijaguswa. Mtumbwi ulikuwa umefika ng'ambo. Ilikuwa zamu yake. Yaya akamuuliza anafanya nini.

"Sasa naweza kusema?"

"Unaweza."

Akageuza uso kuelekea ng'ambo, kwa kweli aligeuka, akatazama upande wa barabara, akaanza kuwaita watoto mmoja mmoja kwa majina, ili ajue kama wote wamevuka. Kitabu hakikuwapa watoto hao majina. Aliyatoa yeye, yote manane, bila kusita, na sisi tuliokuwa mtumbwini tukaitikia kwa niaba yao.