Namba 113 na kadi za Mwalimu

Wasomaji wangu, wiki hii naweka kando hifadhidata na seva niwaletee hesabu ya gofu. Msikimbie! Najua wengi wenu hamjawahi kushika fimbo ya mchezo huu, na mimi mwenyewe nacheza vibaya. Lakini humu ndani mna swali ambalo kila anayeshughulika na data atalitambua: utalinganishaje matokeo mawili yaliyopimwa kwa mizani tofauti?

Handikapu ni mikwaju anayopunguziwa mchezaji dhaifu ili aweze kushindana na hodari. Sisi tuko saba, tunakutana mara moja kwa mwezi, kila mtu anatoa mchango na mshindi anabeba kapu lote. Kanuni yetu ilikuwa ya mkato: chukua wastani wa raundi tano za mwisho, toa 72, hiyo ndiyo handikapu yako. Haikuleta shida maana sita kati yetu tumezoea uwanja mmoja. Kisha akajiunga mwalimu mmoja mstaafu, anayecheza kwingine. Wastani wake ulikuwa 98, basi tukampa 26. Alipokuja uwanjani kwetu akapiga 88. Toa 26, inabaki 62. Hakuna aliyemkaribia!

Mweka hazina wetu akasema wazi, mbele ya watu, kwamba mzee anaficha uwezo wake: anapiga ovyo kwao ili aje kula pesa zetu. Kwa wacheza gofu hilo ni sawa na kuitwa mwizi. Mwalimu hakujibu. Wiki iliyofuata alinipa bahasha yenye kadi zake 20 za mwisho, zote zimetiwa sahihi na aliocheza nao, akaniambia, "Kijana, wewe ni mtu wa tarakilishi. Piga hesabu."

Basi nikakaa kuandika programu, na hapo ndipo nilipokutana na namba 113.

Kila uwanja uliopimwa rasmi una namba mbili. Ya kwanza ni kiwango cha uwanja, yaani mikwaju ambayo mchezaji hodari, mwenye handikapu sifuri, anatarajiwa kupiga anapocheza vizuri. Uwanja wetu ni 68.5, wa Mwalimu ni 73.2. Ya pili huitwa mwinamo, na wengi hudhani inahusu vilima. La hasha! Ni mwinamo wa mstari kwenye grafu: inaeleza jinsi ugumu unavyopanda kadiri uwezo wa mchezaji unavyoshuka. Huanzia 55 hadi 155, na uwanja wa kawaida ni 113. Wetu ni 105, wa Mwalimu ni 138.

Kwa nini namba mbili? Fikiria dimbwi linalohitaji mpira uruke yadi 190. Wapimaji huchukulia kwamba mwanamume hodari hupiga mkwaju wa kwanza yadi 250, na wa kawaida yadi 200, tena hizo zikiwa pamoja na kubingirika kwa mpira. Hodari hata halioni dimbwi hilo. Wa kawaida analiona usiku ndotoni. Kwa hiyo wapimaji huutembelea uwanja na kuukadiria mara mbili, kwa macho ya mmoja kisha ya mwenzake: mchanga, miti, maji, vilima, hata hofu anayoipata mtu akisimama tu pale. Tofauti ya makadirio hayo mawili huzidishwa kwa 5.381 kwa wanaume, na 4.24 kwa wanawake, na jibu ndilo mwinamo.

Aliyeyaanzisha haya ni Dean Knuth, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, aliyeanza kuyafikiria miaka ya 1970 akiwa masomoni Monterey, California. Jimbo la Colorado lilijaribu mwaka 1982. Tangu 2020 hesabu hii ndiyo moyo wa mfumo mmoja wa handikapu wa dunia.

Sasa turudi kwenye bahasha. Kila raundi huhesabiwa hivi:

(mikwaju − kiwango cha uwanja) × 113 ÷ mwinamo

Ile 98 ya kwao: 24.8 × 113 ÷ 138 = 20.3. Ile 88 ya kwetu: 19.5 × 113 ÷ 105 = 21.0. Nilirudia mara tatu. Siku aliyoitwa mwizi, mzee alikuwa amecheza vibaya kidogo kuliko kawaida yake!

Mfumo huchukua raundi 8 bora kati ya 20 na kutafuta wastani wake. Kadi za Mwalimu zilitoa 18.4. Kuileta namba hiyo uwanjani kwetu unageuza kanuni: 18.4 × 105 ÷ 113, kisha unajumlisha 68.5 − 72. Inakuwa 14. Ile 26 ilikuwa zawadi tuliyompa sisi wenyewe.

Lakini 88 ukitoa 14 ni 74, na 74 isingeshinda siku ile. Nilipomwonyesha Mwalimu kwenye skrini alinyamaza, akavaa miwani, akapitia mstari kwa mstari kama anayesahihisha mtihani. Mkutano uliofuata aliweka kapu lote mezani, mpaka noti ya mwisho. Mweka hazina alizihesabu pesa, akazitia mfukoni, akasema "sawa". Samahani haikutoka. Mimi nilitarajia atamke neno, hata moja.

Programu tunaitumia hadi leo, na mweka hazina ndiye anayelalamika zaidi, maana safari tunapokwenda uwanja wa Mwalimu, yeye huongezewa mikwaju na bado anashindwa. Kipande kimoja tu hakijawahi kufanya kazi. Mfumo wa dunia huangalia pia hali ya siku yenyewe, kwa mfano upepo au mvua, na kurekebisha matokeo ya wote ikiwa yalikwenda mbali na matarajio. Nimekiandika, nimekijaribu, kiko sawa. Ila kinahitaji matokeo ya wachezaji wasiopungua wanane, nasi tuko saba.