Kukusanya Mabaki ya Mapinduzi Mjini Goma

Katika nchi nyingine, anayependa historia ya mapinduzi ya kikomunisti hununua beji za Mao au mabango ya Kuba na kuyapanga kabatini. Hapa Goma kazi hiyo ina ugumu wake. Kwa miaka mitatu nimezunguka Birere na soko la Virunga nikitafuta vitu vya Wasimba, wale waasi waliotangaza Jamhuri ya Watu wa Kongo kule Stanleyville, Kisangani ya leo, Septemba 1964. Nilichopata ni noti za zaire zenye sura ya Mobutu na kikwembe kimoja chenye mwenge wa MPR, yaani mali ya upande ulioshinda. Walioshindwa walichoma vyao.

Sababu zinaeleweka. Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliteketeza sehemu kubwa ya mji. Tena mji huu ulitekwa mwaka 1996, 1998, 2012 na 2025, na kila mara familia hufungua sanduku la karatasi na kujiuliza ni ipi inayoweza kuwaletea shida. Mzee mmoja wa Katindo, mzaliwa wa Baraka, aliniambia kwamba kadi ya marehemu baba yake, ya MNC ya Lumumba, iliishia jikoni, juu ya makala. Kisha akanisimulia mambo ya miaka ile kwa saa mbili. Nilipomuuliza kama haogopi, akajibu: "Mwanangu, kwenye bariere wanapekua mfuko, hawapekui kinywa."

Tangu siku hiyo ninakusanya maneno. Kila neno lina ukurasa wake daftarini: limetumika katika sentensi gani, msemaji ana umri gani, alilisikia wapi. Jina la msemaji siandiki.

Ukurasa wa kwanza ni wa neno "mai". Wapiganaji walinyunyiziwa dawa, wakaenda mbele wakiita jina la Mulele ili risasi zigeuke maji. Pierre Mulele, aliyepata mafunzo China, alipigana Kwilu, mbali sana na huku, lakini jina lake lilifika. Miaka 30 hivi baadaye Kivu ikawa na Mai-Mai wake. Mama mmoja wa Himbi alikataa kulitamka neno hilo. Alisema tu "yale mambo". Kaka yake alikuwa karani, na mwaka 1964 kulikuwa na mahali ambapo ukarani au ualimu ulitosha kumuua mtu. Nimeandika vile vile alivyosema.

Ukurasa mwingine ni wa namba. Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba, na Wakuba wakachukua namba za Kiswahili kuwa majina yao: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, Che mwenyewe akawa Tatu. Namba hiyo ilificha cheo chake. Mkalimani wake alikuwa kijana mdogo wa huku kwetu, Freddy Ilanga, aliyemfundisha Kiswahili pia. Wakuba walipoondoka Novemba mwaka huo, kijana alipelekwa Kuba, akasoma, akawa daktari, na kwa miongo kadhaa akapoteana na ndugu zake. Sisi tunaojifunza ukalimani tunapaswa kumjua.

Kisha kuna "Hewa Bora". Mtu wa Goma akisikia maneno hayo hukumbuka ndege iliyoangukia Birere tarehe 15 Aprili 2008. Mzee wa Fizi hukumbuka milima ambako Laurent-Désiré Kabila na chama chake cha PRP, kilichoundwa mwaka 1967, waliweka makao yao. Maneno ni yale yale mawili, na kamusi haitamsaidia mgeni kujua ni lipi linalosemwa.

Waliokuwa na miaka 10 wakati wa Wasimba sasa wamepita 70. Likizo hii, ukirudi nyumbani, muulize babu au bibi watu wale waliitwaje na walisalimianaje. Usimlazimishe. Andika anavyotamka, wala usimsahihishe Kiswahili chake. Kitivo chetu kina kabati la kamusi, na rafu yake ya chini ni tupu.