Kamera iliyodondokea miguuni kwangu (Nesi na Mama, sehemu ya 6)

 

Leo nilipanga kuandika kuhusu kumwachisha mtoto ziwa, kama nilivyoahidi sehemu ya tano. Itabidi mnivumilie. Limenipata jambo Jumatatu, na nisipoliandika likiwa bichi najijua, nitalipamba.

Nilikuwa naendesha gari na wanangu wawili. Mkubwa ana miaka sita, mdogo miezi tisa, wote nyuma, mdogo kafungwa kwenye kiti chake. Tupo Barabara ya Sam Nujoma, tunatoka Mwenge tunaenda Ubungo. Foleni inasogea kidogo, inasimama, halafu inaachia. Ilipoachia nikasikia "ka!" Kamera ya gari, ile ndogo inayorekodi barabara, imebanduka kwenye kioo, imegonga usukani, waya umechomoka, imedondoka miguuni kwangu. Na mbele yangu daladala likawasha taa za breki.

Nakanyaga breki. Breki haishuki. Kamera imeingia chini ya pedeli.

Nilichofanya sikumbuki vizuri. Najua nilivuta hendibreki. Najua mguu ulikuwa unapapasa, na kitu kikaserereka pembeni, na gari likasimama. Kati ya bampa langu na la daladala kulibaki nafasi ya kanga iliyokunjwa. Kondakta akachungulia dirishani, akanitazama, akatingisha kichwa. Mwanangu akauliza, "Mama, mbona unapumua hivyo?"

Sasa sehemu inayoniuma. Wiki mbili kabla, nikiwa nafuta kioo, niliona pembe ya juu ya kile kishikio cha kamera imenyanyuka. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, nikasema itashika. Mimi huyu. Mimi ambaye nikiwa wodini nikikuta plasta iliyoshika kanula ya mtoto imenyanyuka pembe, siachi hata kama nimebakiza dakika kumi za zamu. Nafungua, nasafisha, naweka nyingine. Maana najua pembe ikishaachia, vumbi na jasho vinaingia chini, na gundi iliyopata uchafu hairudi kushika hata ukiibonyeza kwa mikono miwili. Nalijua hilo kwenye ngozi. Kwenye kioo nikajifanya silijui.

Kwa nini gundi ile iliachia? Gari langu linashinda juani kazini, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walipima magari yaliyoachwa kwenye jua kali kwa saa moja tu. Hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47 za Selsiasi, na dashibodi ikafika kama nyuzi 69. Walikadiria pia kwamba mtoto wa miaka miwili akiachwa kwenye gari la namna hiyo, ndani ya saa moja hivi joto la mwili wake linaweza kufika pale ambapo sisi tunaanza kukimbizana. Kwa hiyo ile "namwacha dakika moja nachukua mkate" iacheni, nawaomba. Gundi nayo inapata joto hilo kila siku, inalainika, usiku inapoa, kesho tena, huku kamera inaning'inia na barabara inaitikisa. Haiachii siku moja. Inaanza kwenye pembe.

Jioni nikamwambia baba watoto. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Na ya nyuma?"

Jamani. Ya nyuma. Kamera zetu ni mbili, zilibandikwa siku moja, na ya nyuma ipo kwenye kioo cha nyuma, juu ya vichwa vya watoto. Tukaenda kuiangalia kwa tochi ya simu. Upande mmoja ulishaanza kufunguka. Upande mwingine umeshika kama umezaliwa pale.

Baba watoto ni mtu wa vitendo. Nikamwona anakuja na bisibisi bapa, na birika la maji ya moto analitoa jikoni. Nikamwambia, "Baba nanii, weka chini vyote viwili." Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili za kioo na utando wa plastiki katikati, kikipasuka kinabaki palepale. Cha nyuma kwa kawaida si hivyo. Ni kioo kilichokomazwa kwa joto, kikivunjika kinasambaratika chote, vipande vidogo vidogo, na kiti cha mtoto kipo chini yake. Maji yanayochemka juu ya kioo baridi ni kukiomba kipasuke. Bisibisi nayo ikiteleza inakata ile mistari myembamba ya kahawia inayopasha kioo, au inakata mkono.

Akaniuliza, "Sasa itatokaje?" Nikamwambia inatoka kama plasta ya mtoto.

Niwaeleze hapo kidogo. Nilipokuwa mgeni kazini nilikuwa na imani kwamba plasta inavutwa mara moja, fasta, mtoto alie mara moja yaishe. Siku moja nikavuta hivyo kwa mtoto mchanga, ikatoka na kipande cha ngozi. Kidogo tu, kama kucha. Mama yake hakusema kitu, alinitazama tu, na nadhani ndiyo maana sijamsahau. Sista mmoja wa siku nyingi akanivuta pembeni, akanionyesha kwenye mkono wangu mwenyewe: anza pembeni, lainisha kwa maji ya vuguvugu au mafuta, kidole cha mkono mmoja kinashikilia ngozi, mkono wa pili unarudisha plasta nyuma ikiwa imelala sambamba na ngozi, usiivute kuelekea juu, na fuata vinyweleo vinakolalia. Polepole. Gundi ukiivuta ghafla inakaza, inavuta na kile ilichoshikilia. Ukiivuta taratibu inaachia yenyewe.

Ile gundi nyeusi ya pande mbili, yenye povu kama sponji, ina tabia hiyohiyo. Imetengenezwa ihimili kutikiswa na kushtuliwa. Ukiipiga inakataa. Ukiipasha moto na kuibembeleza inakubali.

Hivi ndivyo tulivyofanya, na hata wewe unaweza:

Kwanza chomoa waya, kisha itoe kamera kwenye kishikio. Nyingi zinateleza upande au zinazungushwa kidogo. Kibaki kishikio peke yake.

Pili, pasha joto. Draya ya nywele, joto la kati, mbali na kioo kama shibiri moja, unaichezesha bila kutulia sehemu moja. Dakika moja au mbili. Gusa pembeni kwa kidole: kiwe na joto unaloweza kulivumilia. Huna draya, lianike gari kwenye jua la asubuhi, linatosha.

Tatu, chukua uzi wa meno, au uzi wa mshipi wa kuvulia samaki. Upitishe kati ya kioo na kishikio, kwenye ile sponji, halafu vuta kulia na kushoto kama watu wawili wanaopasua mbao kwa msumeno. Mwenzako ashikilie kishikio kisianguke. Ikigoma, rudisha draya. Yetu ilichukua kama robo saa. Baba watoto alitaka kuing'oa mara tatu, na mara tatu nikamtazama tu.

Nne, mabaki. Ile sponji inayobaki kwenye kioo isugue kwa kidole gumba, inajikunja kunja inatoka kama udongo wa ufinyanzi. Kinachobaki, weka kitambaa chenye spiriti kidogo, subiri kilainike, futa. Wembe kwenye kioo cha nyuma usithubutu, kwa sababu ya ile mistari.

Kama kishikio chako kipo kwenye dashibodi, taratibu zaidi, ile ni plastiki. Petroli, tina ya rangi na dawa ya kufutia rangi ya kucha vinaila, inabaki na baka jeupe la kudumu. Anza na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Spiriti ijaribu kwanza sehemu isiyoonekana.

Wengine wataniuliza mafuta ya nazi. Ndiyo, yanalainisha gundi vizuri sana, hata kwenye ngozi ya mtoto tunayapenda kuliko spiriti, maana spiriti inamchoma na kumkausha. Lakini kumbuka: palipopita mafuta, plasta mpya haishiki. Kwenye kioo ni vilevile. Ukitumia mafuta, osha kwa sabuni, suuza, kausha, ndipo umalizie kwa spiriti.

Kubandika upya ndiko watu wengi tunakoharibu. Mimi pia: siku ya kwanza tulibandika, tukaning'iniza kamera palepale, tukaondoka.

Usirudie tepu ya zamani hata kama inanata nata. Nunua tepu ya povu ya pande mbili, ile ya magari, ikate saizi ya kishikio, na kishikio chenyewe kisafishe mpaka kisiwe na hata chembe ya gundi ya zamani. Kioo kifute kwa spiriti, kiache kikauke chenyewe. Kisiwe na umande wa alfajiri, wala kisiwe cha moto wa saa saba mchana. Jioni kivulini ni wakati mzuri. Ukishatoa ile karatasi ya juu, usiguse gundi kwa kidole. Kidole kina mafuta hata ukiwa umenawa. Bandika mara moja, kandamiza kwa nguvu, hesabu polepole hadi thelathini.

Halafu acha. Hapa ndipo subira inapotakiwa. Kampuni ya 3M, inayotengeneza tepu za aina hii, inaeleza kwamba dakika 20 baada ya kubandika gundi inakuwa imefika kama nusu ya nguvu yake, baada ya saa 24 kama asilimia 90, na nguvu kamili inakuja baada ya saa 72. Kwa hiyo kishikio kikae peke yake walau siku nzima kabla hujakipa mzigo. Sisi tuliacha siku tatu. Gari likaenda kazini bila kamera, na hakuna aliyekufa.

Supa gluu sishauri. Ikikauka inakuwa ngumu, haina mnyumbuko, mtikisiko unaivunja. Na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki.

Mahali pa kuweka: ya mbele ikae nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, upande wa abiria, isimzuie dereva kuona. Isikae juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga. Tafuta kwenye dashibodi maandishi ya SRS, hapo usibandike kitu chochote, kwa sababu mfuko ukifumuka unakirusha usoni kwa mtu. Na kwa sababu hiyohiyo, mama, usikae mbele umempakata mtoto. Mfuko ule hautofautishi mtoto na mto. Akae nyuma, kwenye kiti chake.

Kamera ya nyuma hatukuirudisha. Tulikaa wawili tukaulizana inatusaidia nini, na jibu halikutosha kwa kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watoto. Ipo kwenye droo. Ya mbele imerudi, na waya wake sasa umebanwa pembeni vizuri, ili hata ikibanduka ibaki inaning'inia, isifike miguuni.

Kila Jumamosi nikifuta kioo naisukuma kishikio kwa kidole, juu, chini, pembeni. Sekunde tano. Mwanangu mkubwa ameshaiga. Jana kaninyooshea mkono wenye plasta ya kidonda cha kuanguka shuleni, akasema, "Mama, pembe imenyanyuka." Nikawasha maji ya vuguvugu.

Sehemu ya saba ni kumwachisha ziwa, naahidi kweli. Kabla hujaendelea na kazi zako, kama una gari, nenda kaisukume kamera yako kidogo kwa kidole. Kama ni la baba watoto, mtume yeye.